Mvua Inayohesabiwa Polepole

Niliporudi Kasoli, kijijini kwetu, na kompyuta mgongoni, mtandao wa simu ulikuwa unapatikana vizuri sehemu moja tu ya kiwanja chetu: kando ya zizi, kwenye jiwe ambalo baba alilitumia kunolea mapanga. Nikalifanya jiwe hilo kiti changu cha ofisi. Ng'ombe walinipumulia kisogoni, inzi wakatembea juu ya kioo, na kutoka hapo nikaendesha kompyuta ambayo ukiileta Bariadi mjini itahitaji jengo zima peke yake. Supakompyuta, ndivyo wenyewe wanavyoiita. Sijawahi kuiona kwa macho. Najua tu kwamba ipo ng'ambo, kwenye ukumbi wa baridi, na kwamba ukiiandikia amri ukiwa umekaa karibu na mavi ya ng'ombe inakutii vilevile.

Baba alinitazama siku ya kwanza kutoka kwenye kigoda chake mlangoni, akavumilia kidogo, kisha akashindwa, akaniita mwanawe kwa Kisukuma.

"Ng'wana wane, hiyo mashine yenyewe iko wapi?"

"Ulaya, baba."

"Na wewe ndiye mwenyewe?"

"Hapana, ni ya watu. Tunapewa saa za kuitumia. Zikiisha tunatoka."

"Ahaa. Ng'ombe wa kuachiwa," alisema. "Maziwa unakunywa, ila ng'ombe si wako."

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya salamu zetu, mwangaluka na mhola, aliniuliza ng'ombe wa Ulaya ameamkaje.

Nilikuwa nimeomba ofisini niruhusiwe kufanyia kazi nyumbani kwa sababu yake. Kiharusi kilikuwa kimempiga mwaka uliotangulia, kikamwachia akili zake zote, utani wake wote na mkono mmoja. Mkono wa kulia ulilala pajani, na mguu wa upande huo aliuburuta kidogo. Msimu ule ule pamba yake ilikuwa imekufa. Mvua ya kwanza ilikuja mapema na kwa kishindo, watu wakapanda, baba akiwa wa mbele, kisha jua likawaka mpaka miche ikakauka kwenye mistari. Alipanda tena akiwa amechelewa, na alichovuna mama alikibeba kichwani kwa safari moja.

Ndipo kaka yangu mkubwa, aliyejenga Mwanza, akaitisha kikao. Kaka si mtu mbaya. Anampenda baba kama mtu anayependa vitu vyake viwe mahali salama, na alikuwa ameshaandaa chumba chenye feni, televisheni na choo ndani. Tukakubaliana mbele ya baba mwenyewe: apewe msimu mmoja wa mwisho. Krismasi kaka atakuja na gari, atatazama shamba. Pamba ikiwa imesimama, mzee abaki. Ikiwa imekufa tena, yeye na mama wahamie Mwanza, nyumba ifungwe, ng'ombe wagawanywe kwa ndugu. Baba alisema, "Sawa." Watu walipotawanyika akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile kompyuta yangu inajua mvua.

Nilitamani iwe haijui. Ila mradi niliokuwa nao mwaka huo ulihusu mvua za kusini mwa ziwa, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

Nieleze hapa kama nilivyomweleza yeye. Hakuna mashine inayojua mvua itaanza lini. Inachoweza ni kukokotoa: ukiipa joto la bahari na upepo wa leo, inakokotoa kesho, kisha keshokutwa, mpaka wiki nyingi mbele. Shida ni kwamba hata leo yenyewe hatuijui sawasawa. Kwa hiyo tunarudia hesabu ile ile mara maelfu, kila mara tukianza na leo iliyo tofauti kidogo, halafu tunatazama hizo leo zote zinaelekea wapi. Zikikubaliana, unapata ujasiri wa kusema. Zikigombana, unasema kwa tahadhari.

"Yaani unauliza kijiji kizima," baba alisema.

"Kijiji cha watu wanaofanana sana, baba, ila kila mmoja ameamka na wazo lake."

"Kijiji hicho nakifahamu," alisema, na mama akacheka huko jikoni.

Mimi si mtaalamu wa mvua. Mimi ni fundi wa foleni. Wataalamu wanaleta hesabu zao maelfu, nami nahakikisha zinafanyika kwa pamoja bila mashine kukaa bure. Watu hudhani ukipewa kompyuta kubwa basi shida zimekwisha. Wapi! Ukizipeleka hesabu moja moja kwenye foleni kuu, kila moja inasubiri zamu, inaitwa, inafanya kazi yake fupi na kutoka, na muda wa kusubiri unazidi muda wa kazi. Programu inayosimamia foleni nayo inaelemewa, mpaka wenye mashine wanakuandikia barua pepe za kukukumbusha adabu. Ustadi ni kuomba nafasi moja kubwa, uingie mara moja na mzigo wako wote, na humo ndani uwe na mgawaji wako mwenyewe: programu ndogo inayompa kazi nyingine yeyote aliyemaliza. Ikienda vizuri ni raha kuitazama. Maelfu ya vichwa vimeinama, hakuna anayepiga soga.

Kinachoharibu raha hiyo ni mwisho. Kazi karibu zote zimekwisha, mashine nyingi zimekaa bure, saa zako zinaendelea kukatwa, na yote hayo kwa ajili ya hesabu chache zinazojikokota. Mimi sina subira, niseme tu. Njiani nampita mtu anayetembea polepole hata kama sina niendako. Hesabu hizo za mwisho nilikuwa nazichukia kama mtu anavyomchukia jirani.

Dawa yake niliiona kwa akina mama. Kikundi cha mama hupanda na kupalilia shamba kwa shamba, kwa zamu. Kila mtu anachukua mstari wake, jembe mkononi na kopo la mbegu kiunoni, wanaanza pamoja. Anayemaliza haruhusiwi kukaa. Anazunguka mpaka kwenye mstari wa aliye nyuma, anaanzia upande wa pili, wanapanda wakifuatana uso kwa uso. Wakikutana wanagonganisha mipini, wanacheka, na mstari umekwisha. Nimelelewa hivyo. Kukaa kivulini wakati mwenzako bado ameinama ni jambo ambalo kwetu utasimuliwa nalo mpaka harusini kwako.

Basi nikaandika mgawaji wangu kwa mtindo huo. Mashine yoyote iliyomaliza na kukosa kazi mpya iende ikasaidie hesabu iliyo nyuma. Nilijisikia mjanja sana. Mwisho wa Oktoba nikaingia na mzigo wote, nikakaa juu ya jiwe nikila michembe ya viazi na karanga, na nilipoona zile za mwisho zinamalizika upesi kuliko wakati mwingine wowote nikapiga makofi peke yangu. Ndama akakimbia.

Kisha nikafungua matokeo. Moja kati ya hizo za mwisho ilisema kwamba Novemba, wilayani Bariadi, kungekuwa na mvua pungufu ya sifuri.

"Maana yake nini?" baba aliuliza aliponiona nimeshika kichwa.

"Maana yake maji yatatoka ardhini yapande mawinguni."

Alifikiri. "Hiyo nayo tungeipanda," alisema.

Haikuwa hiyo peke yake. Hesabu zote zilizosaidiwa zilikuwa zimeharibika. Shambani, anayekuja kukusaidia unamwona. Unaona jembe lake linakuja, unajua mtakutana wapi. Ndani ya mashine hawaonani. Kila hesabu huweka akiba njiani ya mahali ilipofika, ili ikikatika iendelee kutoka hapo. Msaidizi aliikuta akiba ya mwenzake ikiwa imeandikwa nusu, akaichukua, akaendelea nayo, huku mwenzake naye akiendelea kuandika mahali pale pale. Walivurugana mpaka mwisho, kisha wote wawili wakatangaza kwamba kazi imekwisha.

Nilimpigia simu kiongozi wetu wa mradi, mama mmoja mtulivu wa Dar es Salaam ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Nilimweleza yote. Akaanza kucheka, na alicheka kwa muda.

"Dada, umezifundisha kompyuta kusaidiana kwa msaragambo," alisema. "Kosa hilo lilikuwa linakusubiri wewe tu."

"Nicheke au nilie?"

"Usilie. Zikate hizo zilizoharibika. Ni chache. Tulizonazo zinatosha ripoti, na saa zetu kwenye mashine zinaisha. Zikate, tufunge."

Lilikuwa shauri la kawaida kabisa. Siku nyingine ningelitoa mimi mwenyewe kabla hajamaliza sentensi. Na nilipozikata, zilizobaki zilitoa jibu zuri, lililonyooka: mvua zitaanza kwa utulivu na kuendelea, pandeni mvua ya kwanza nzuri. Nilimtazama baba kigodani. Alikuwa anafinya mpira wa matambara kwa mkono wa kulia kama walivyomwelekeza hospitali, na vidole havikuwa vinafanya lolote. Nilikuwa na jibu la kumpa, tena jibu alilolitaka. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga kompyuta na kwenda kumwambia.

Kilichonizuia ni hasira, siyo hekima. Nilitaka kujua kwa nini hizo chache zilinichelewesha. Nikazifungua moja moja nikatafuta zilipoanza kujikokota, na kila niliyoifungua ilikuwa imekwama mahali panapofanana: siku za mwanzo za Novemba, juu ya wingu kubwa la mvua. Mashine inapokokotoa siku tulivu hupiga hatua ndefu. Ikifika kwenye dhoruba, ambako kila kitu kinapanda na kushuka kwa nguvu, inalazimika kupunguza hatua, ipite kwa vidole, isije ikaanguka. Mvua kubwa huhesabiwa polepole. Kwa hiyo zile chache hazikuwa vivu. Zilikuwa aina moja ya mwaka, mwaka unaoanza na kishindo, na mimi nilikuwa nakaribia kuukata mwaka huo wote kwa sababu ulichelewa kufika.

Na mwaka unaoanza na kishindo tulikuwa tunaufahamu pale nyumbani. Ndio ulioua pamba ya baba.

Nikampigia tena kiongozi. Nilimwomba saa zilizobaki, zote.

"Ukizimaliza hatutakuwa na akiba," alisema.

"Najua."

"Ni kwa ajili ya ripoti, au kwa ajili ya mzee?"

Sikutaka kumdanganya. "Ni kwa ajili ya mzee," nikasema. "Ila ripoti nayo itakuwa ya kweli zaidi."

Alivuta pumzi. "Haya. Chukua. Na safari hii usizisaidie."

Sikuzisaidia. Nikaomba nafasi ndogo inayotosha hizo tu, bila umati wa mashine kusimama bure kuzitazama, nikazirudisha mwanzo, kila moja na mahali pake pa kuandikia, nikaziacha. Umeme ulipokatika Kasoli nilikwenda Bariadi kuchaji kwenye duka la stesheneri, nikarudi, zikawa bado zinatambaa. Kila nilipotaka kuingiza mkono nilijikumbusha mvua pungufu ya sifuri. Baba alihamisha kigoda akaja kukaa karibu na jiwe. Alikuwa haoni chochote kwenye kile kioo zaidi ya maandishi, na maandishi yenyewe yalikuwa yamesimama.

"Zimefika wapi?"

"Zinakuja, baba."

"Basi tuzisubiri," alisema, na tukakaa hapo, yeye na mpira wake wa matambara, mimi na kioo changu. Sikumbuki kama nimewahi kukaa na baba kwa muda mrefu hivyo bila kuwa na la kufanya. Nilimpenda sana siku hizo. Nilimpenda mpaka nikawa na woga.

Zilipofika zote, jibu halikuwa tena limenyooka. Nilimweleza mbele ya mama.

"Hesabu nyingi zinasema panda mvua ya kwanza. Chache, zile za polepole, zinasema mvua ya kwanza itakuja na nguvu, halafu jua, halafu ndiyo mvua ya kweli. Kama mwaka jana."

"Chache kiasi gani?"

"Si chache za kudharau. Lakini ni chache, baba. Ukizifuata na zikawa na makosa, utachelewa wenzako wote, na pamba ya kuchelewa unaijua."

Alitazama gunia la mbegu kwenye kona, mbegu zenye manyoya yake bado, zinazotosha kupandwa mara moja tu. Kisha alitazama mkono wake.

"Pamba ya kuchelewa ni fupi," alisema. "Pamba iliyokufa haina urefu." Akamgeukia mama. "Mayu, kamwambie mwenyekiti wa kikundi chenu tunaiachia zamu yetu. Sisi tutapanda mwisho."

Mama alijifunga khanga, akaenda. Zamu yetu ilikuwa ya mbele, kikundi kilikuwa kimempa baba kwa kumhurumia, na kuiachia ilikuwa kama kurudisha chakula cha mtu. Mwenyekiti wao alikuja mwenyewe jioni ile kabla jua halijazama, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

"Mwadila, mzee."

"Mwadila."

"Nimesikia umeambiwa na kompyuta."

"Nimeambiwa na binti yangu. Nanyi nawaambia: mvua ya kwanza iacheni ipite."

"Mzee wangu, tutasikiliza. Ila mvua ikinyesha, watu wanapanda. Nani atawashika?"

Na ilinyesha. Wiki ya kwanza ya Novemba ilishuka mvua ya kuvunja matawi, makorongo yakanguruma, vyura wakajaa uani. Kesho yake Kasoli nzima ilikuwa shambani. Kutoka kwenye jiwe langu nilisikia mipini ikigongana na watu wakicheka, na shamba letu, lililokuwa limeshalimwa kwa ng'ombe, lilikaa katikati likiwa wazi na jeusi. Hakuna aliyetusema usoni. Mama aliacha tu kunitazama. Alinipa ugali na dagaa wa Lamadi kama kawaida, akaweka bakuli, akaondoka. Kaka alipiga simu kutoka Mwanza, maana habari huko zilikuwa zimeshafika.

"Umemfanyia nini mzee?"

"Nimemwambia ninachokijua."

"Unajua nini wewe? Mashamba yote yameota, la kwake tu ndilo jangwa. Mwambie aanze kufunga vitu vyake."

Sikumwambia. Ila nililia, tena si kidogo, nikiwa nimeegemea ubavu wa ng'ombe asiye na neno la kunijibu. Hesabu nyingi zilikuwa zimesema panda. Mimi ndiye niliyezisubiri zile chache, nikazileta nyumbani, nikaziweka mbele ya mzee mwenye gunia moja la mbegu.

Kisha mawingu yakaondoka. Siku ya kwanza watu walifurahi, jua zuri kwa miche. Wiki ilipokatika waliacha kufurahi. Ardhi ilianza kupasuka nyufa, na miche midogo ikalala, ikaamka asubuhi, ikalala tena. Haikufa yote, mashamba ya bondeni yalishikilia. Lakini ya juu yalitoboka toboka, na nilipompita mwenyekiti wa kikundi njiani alikuwa amesimama kwenye shamba lake, mikono kiunoni. Sikufurahia. Mtu akidhani unafurahi kwa kuwa hesabu yako imetokea kweli, basi hajawahi kupita katikati ya pamba ya majirani zake inayokauka.

Mvua ya kweli ilianza mwanzoni mwa Desemba, bila kelele, ikaendelea kesho yake na siku iliyofuata. Watu walikuwa na mapengo yao ya kuziba, na nilidhani sisi tungesahauliwa. Asubuhi nilisikia sauti ile ya ng'ambo ya mto ikipiga hodi. Kikundi kizima kilikuwa kwenye njia, majembe mabegani.

"Wa mwisho ni wa mwisho, lakini ni wa kwetu," mwenyekiti alisema. "Mzee, mbegu ziko wapi?"

Mama alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, na akanipa kopo langu.

Tulipojipanga mwanzo wa shamba, baba alikuja akiburuta mguu, jembe dogo mkononi, la mpini mfupi. Akasimama mwanzo wa mstari, katikati yetu.

"Huu wangu," alisema.

Watu walitazamana. Tukaanza. Baba alichimba kwa mkono wa kushoto, akaliweka jembe chini, akachota mbegu kwenye kopo alilofungiwa shingoni, akazitia shimoni, akafukia kwa mguu, akaokota jembe. Tulipofika katikati ya shamba, kofia yake tulikuwa bado tunaiona nyuma, karibu na nyumbani. Tulimaliza. Na kama ilivyo desturi, kikundi kizima kikageuka na kuanza kuelekea kwenye mstari wake kutoka upande wa pili. Miguu yangu nayo ilikuwa imeshageuka. Mwili haujui kusimama mtu anapokuwa bado ameinama.

Baba aliinua kichwa, akaona majembe yanakuja.

"Msinisogelee," aliita. "Nakuja."

"Mzee, tukupunguzie kidogo tu!"

"Nakuja, nimesema!"

Hawakusimama. Ni watu wema, hawakujua namna ya kusimama. Mama mwenyewe alikuwa mbele, jembe limeshainuliwa. Nikakimbia, nikasimama mwisho wa mstari wa baba na kutandaza mikono kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie kwenye mahindi.

"Mwacheni," nikasema. "Tumsubiri."

"Mpaka lini?" mama aliuliza.

"Mpaka afike, mama."

Mama aliteremsha jembe taratibu. Na tukasimama, kikundi kizima, kwenye tope, bila kazi, jambo ambalo nadhani halikuwahi kutokea kwenye historia ya kikundi kile. Mtu mmoja alianza wimbo wa kulimia kwa sauti ya chini, wengine wakaupokea, kisha wakauacha kwa sababu ulikuwa na mwendo wa haraka kuliko wake. Tulimsubiri. Mvua nyepesi ilianza kutunyeshea na hakuna aliyeondoka. Mimi, nisiye na subira, nilitamani mstari ule usiishe.

Alipofika kwangu alikuwa anahema, tope mpaka magotini. Aliinua jembe lake fupi, nami nikainua langu, tukagonganisha mipini.

"Ng'ombe wa Ulaya naye ulimsubiri hivi?" aliuliza.

"Hivi hivi, baba."

"Wabeja," alinishukuru.

Kaka alikuja Krismasi na gari aina ya pikapu, turubai limekunjwa nyuma tayari kwa mizigo. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja shambani, viatu vyake vya mjini vikazama, nasi tukamfuata. Pamba ilikuwa imeota mistari kwa mistari, majani yake mapana bado machanga, hakuna pengo. Kaka alitembea kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, akikaza macho kama mtu anayetafuta kosa, na katikati akalipata. Kulikuwa na mstari mmoja uliopinda. Ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, na miche ilikuwa imesongamana shimoni, mingi mno, kama ilivyomwagwa na vidole visivyoweza kuchagua.

"Huu alipanda nani?" kaka aliuliza.

"Mimi," baba alisema.

Kaka alitazama urefu wa ule mstari. Alitazama mkono wa baba, kisha akautazama mstari tena, mpaka mwisho wake kule mbali. Akachuchumaa, mtu mzima na suruali yake ya kupiga pasi, akanyoosha mkono kung'oa miche iliyozidi kwenye shimo la kwanza.

"Acha," baba alisema. "Nitaipunguza mwenyewe."

"Itakuchukua wiki nzima, baba."

"Nina wiki."

Kaka aliurudisha mkono. Alibaki amechuchumaa pale, amenipa kisogo. Kisha akainuka, akaenda kwenye gari, akalitoa lile turubai na kulitandika chini ya ukuta wa nyumba, upande wa kivuli, ili baba apate pa kupumzikia akichoka.